Mwacheni Mke Wangu Aandike "Forecast"

Fabian Opondo,
Fundi wa injini za mashua,
Ufuo wa Wath Opuk,
Njia ya kwenda Asembo Bay.

Kwa Mhariri wa Barua,
Gazeti la Mawimbi ya Winam,
Kisumu.

Mheshimiwa Mhariri,

KUH: KUSUMBULIWA KWA NENO HALALI LA MKE WANGU

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, umekunywa chai, na umo ndani ya ndoa. Kama bado hujafunga ndoa, tafadhali mpe mwenzako aliyefunga aisome, kwa maana humu mna mambo ambayo kapera atayaona kuwa ni maneno tu.

Mimi ni mume mpya. Nilimwoa Dorca, binti wa Awasi, kanisani kwao, mvua ikipiga mabati hata mahubiri hayakusikika, na bado sisi wawili tulijibu "ndiyo" mahali panapostahili. Fungate tulikwenda Dunga, tukala samaki na kutazama mashua, kana kwamba kwetu hakuna samaki wala mashua. Tangu hapo naamka nikicheka. Wateja wangu wameanza kunung'unika kwamba napiga mluzi nikiwa nimeinamia injini zao, na mmoja amedai mashine yake sasa inanguruma kwa sauti ya mapenzi. Sikumtoza kwa hilo.

Basi, Mhariri, mtu mwenye furaha kama hii hatafuti ugomvi. Ugomvi umenitafuta wenyewe, na umenikuta ubaoni.

Pale ufuoni pana ubao mweusi uliogongomelewa kwenye ukuta wa banda la kupimia samaki. Kila asubuhi, kabla mashua hazijatoka, mtu huandika hapo hali ya hewa inayotarajiwa: upepo, mvua, na mawimbi. Habari hizo huja kwa simu kutoka kwa watu wa hali ya hewa, kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza huitwa "forecast". Sasa, katika vinywa vyetu sisi watu wa ziwa, neno hilo halifiki mwisho likiwa zima. R huzama njiani, T hudondoka majini, na kinachofika nchi kavu ni "fokas". Na kwa kuwa hivyo hivyo ndivyo tunavyotamka "focus", lile neno la mwalimu akitaka mtoto atulie na akaze macho, miaka yote ubao wetu umebeba kichwa kikubwa: WEATHER FOCUS. Hakuna aliyeona kasoro. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne na nilipita hapo kila siku nikidhani hali ya hewa inaambiwa itulie.

Kisha kamati ya ufuo ikatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri, na ndipo Dorca alipotokea. Asubuhi yake ya kwanza alifuta FOCUS, akaandika FORECAST. Mimi nilikuwa karibu, plagi nimeiuma menoni, mikono imejaa grisi. Nilimwuliza, "Dada, hiyo E inafanya nini hapo katikati?" Akanijibu bila kugeuka, "Inaishikilia R isianguke." Mhariri, niliitoa plagi mdomoni nikaanza kuulizia njia ya Awasi.

Kwa muda wote wa uchumba wetu kamati ilivumilia, ikidhani neno lile ni mbwembwe za kunivutia mimi. Tuliporudi kutoka fungate, Mwenyekiti wetu, Bwana Obonyo, alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, akasema: "Haya, omera, ndugu yangu, mke umepata. Sasa turudishieni neno letu." Hapo ndipo yalipoanza malalamiko yangu, ambayo nayapanga kwa namba ili usije ukadhani naandika kwa hisia.

1. Kuhusu herufi zenyewe. Neno ni FORECAST. Sehemu yake ya kwanza ni FORE, maana yake mbele, kabla. Siyo FOR, wala siyo FOUR. Kamati, badala ya kukubali hivyo, ilikaa kikao na kutafuta suluhu ya kumridhisha kila mtu. Ikapendekeza FOCUST. Yaani nusu ya neno lao, na T moja ya mke wangu kama fidia. Bwana Obonyo alieleza kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya hata wakigombania mipaka ya mashamba. Mhariri, mimi ni fundi. Ukichukua nusu ya kabureta hii na nusu ya kabureta ile, hupati amani. Unapata moshi.

2. Kuhusu Mzee Shitanda na nyavu zake. Huyu ni mvuvi wetu wa siku nyingi, mtu wa heshima, anayependa kulipasua neno vipande vipande alione tumbo. Alipasua FORECAST akatoa "four", ambayo ni nne, na "cast", ambayo ni kutupa wavu. Akaenda ziwani, akatupa wavu mara nne, akaukunja, akarudi. Wenzake waliokuwa wakiendelea kuvua walimpigia kelele, "Mzee, unakwenda wapi na samaki ndio wanafika?" Akawajibu, "Ubao umesema nne. Mimi ni nani nimpinge nyar Awasi?" Jina hilo, nyar Awasi, binti wa Awasi, ndilo wanalomwita mke wangu hapa, na huwa nafurahi kulisikia hata likitajwa kwa lawama. Lakini lawama ile imeshika. Sasa inasemwa kwamba ubao wa Dorca unawanyima watu samaki. Nauliza: je, kosa ni la neno, au la mtu aliyelipasua bila kisu kikali?

3. Kuhusu Bwana Dishon, aliyeandika ubao kabla yake. Wazee humkumbuka kwa huzuni wakisema, "Focus ya Dishon haikuwahi kukosea." Ni kweli kabisa, haikuwahi. Nimefanya uchunguzi, nikamwuliza mwenyewe, naye akanijibu kwa moyo mweupe kwamba alikuwa anaandika jioni. Alingoja siku ipite, akatazama nguo za watu kama zimelowa, ndipo akaandika: Leo kulikuwa na mvua. Mhariri, forecast ni ya jambo ambalo bado halijaja! Ukiiandika likishapita ni habari, na ukiiandika ukiwa na uhakika kabisa ni majigambo. Dorca huandika "huenda" na "yatarajiwa" na "uwezekano". Kwa ajili hiyo wanasema hana msimamo. Mimi nasema yeye ndiye mtu pekee ufuoni mwenye adabu mbele ya kesho.

4. Kuhusu neno "utabiri". Najua unaniuliza moyoni, kwa nini tusiandike Kiswahili tukamaliza mchezo? Tulijaribu. Dorca aliandika UTABIRI WA HALI YA HEWA, mwandiko wake ukiwa umelala vizuri kama omena, wale dagaa wetu, waliokaushwa. Kabla ya saa nne mama yangu mzazi, Mama Jacinta, alikuwa amefika na kina mama wa kanisa. "Nyathina," akaniambia, na mama akianza na mwanangu kwa Dholuo najua ni zito, "nimelea wanaume watano bila mganga, na wewe umetuletea anayetabiri hadharani?" Nikamweleza kwamba ni upepo tu unaotabiriwa. Akasema upepo ndio huanza, baadaye watatabiriwa watu. Tukafuta. Kwa hiyo, Mhariri, hatujalikimbilia neno la Kiingereza kwa maringo. Tumelikimbilia kwa sababu kina mama hawaliogopi.

5. Kuhusu ndoa yangu, na hapa nakuomba usome polepole. Nyumbani kwetu Dorca huniandikia forecast yangu binafsi kwa chaki, upande wa ndani wa mlango, niione nikitoka. Nanukuu ya Jumatatu: "Asubuhi chai na mandazi. Mchana uwezekano mkubwa wa samaki ngege wa kupaka nazi. Jioni tabasamu la wastani, likiongezeka kuelekea usiku, na vipindi vifupi vya kununa iwapo mume ataingia na viatu vyenye grisi." Ikawa hivyo hivyo. Hata nuno lilikuja, fupi, kama lilivyoandikwa. Kuna wanaume wanaoishi miaka na mikaka bila kujua jioni itawaletea nini. Mimi najua, nami najua kwa maandishi.

Sasa jaribu, Mhariri, kuweka neno la kamati mahali pale. Fikiria naamka na kukuta mlangoni pameandikwa FOCUS. Si ningedhani nimekosea jambo?

6. Kuhusu Jumamosi. Bwana Obonyo ametoa uamuzi mbele ya watu. Jumamosi hii kamati itakaa, na Dorca atachagua: ama arudishe FOCUS kama tulivyoikuta kwa baba zetu, ama arudishe chaki. Nikasema baba zetu hawakuwa na ubao. Nikaambiwa nikae chini, mimi si mjumbe.

Dorca alipangusa vidole kwenye leso, akakunja karatasi zake, tukarudi nyumbani. Njiani aliniambia mjomba wake kule Awasi anatafuta mtu wa kumsaidia katika duka la mbegu, na kwamba kule mwandiko wake hautamsumbua mtu. Mhariri, Awasi ni mji mzuri, una soko, una barabara ya lami ya kwenda Kericho, una wakwe zangu ambao nawaheshimu sana. Lakini Awasi haina mashua. Nitamtengenezea nani injini, nyanya? Tena yeye mwenyewe anaupenda ubao ule. Huamka kabla yangu, hukaza kitambaa kichwani, huenda akitembea haraka kama mtu aliyeitwa. Asubuhi iliyofuata, mlango wetu haukuandikwa kitu. Nilisimama pale nikitazama mbao tupu, sikujua kama nichukue sweta.

Ndiyo maana nakuandikia. Maombi yangu ni machache na ya mtu mwenye akili timamu.

Kwanza, naomba uchapishe neno FORECAST katika ukurasa wa mbele, kwa herufi zenye urefu wa mkono, kabla ya Jumamosi, bila habari nyingine yoyote ya kulibana. Serikali na michezo vinaweza kusubiri siku moja.

Pili, atakayeandika FOCUS akimaanisha hali ya hewa apewe chaki na upande mmoja wa mashua, aandike neno sahihi kuanzia omo hadi tezi. Akikosea, ageuziwe upande wa pili. Kamati ina wajumbe wengi na ufuo una mashua nyingi. Patapendeza.

Tatu, naomba gazeti lako liongoze kampeni ili makanisa na misikiti yote kuanzia Kisumu hadi Asembo Bay isifungishe ndoa mpaka bwana harusi aandike neno hili mbele ya mashahidi. Sisemi hivi kwa ubaya. Mwanamume anayejua E inakaa wapi amethibitisha kwamba alimsikiliza mwanamke angalau mara moja.

Nne, kama hayo yote yatashindikana, basi ziwa lenyewe liambiwe. Nina hakika upepo wetu umekuwa na vurugu kwa sababu miaka yote umeitwa jina lisilo lake. Hata mimi ukiniita Dishon nitakuja, lakini nitakuja nimekasirika.

Nakiri kwamba kuna watu watakaosema haya ni makubwa mno kwa ajili ya herufi chache. Nawaomba waje wasimame pale ubaoni kunapopambazuka, wamwone anavyoianza F kwa mstari mmoja wa kushuka, anavyoilaza O bila kuinua mkono, na anavyofika kwenye ile E ya katikati akitoa ncha ya ulimi kidogo kama mtoto anayefunga kamba za viatu. Kisha wakaniambie, wakinitazama machoni, kwamba hilo ni jambo dogo.

Nisalimie wanaofanya kazi hapo ofisini nawe, wanaopanga herufi, wanaoziendesha mashine, na zaidi yule anayesahihisha makosa, kwa maana huyo ni ndugu yangu wa rohoni. Wasalimie na wake zao, na waume zao. Mama Jacinta anawasalimu pia, ingawa hajui kwamba naandika. Dorca angewasalimu, ila ameshikwa na kazi na mimi nimemficha barua hii chini ya kisanduku cha spana.

Ni mimi, nikiwa mtiifu kwenu na kwa E ya katikati,

Fabian Opondo,
mume wa Dorca.

N.B. Mheshimiwa Mhariri, nimeifungua tena bahasha, nayo bado imelowa. Tafadhali soma hapa kabla hujachapa chochote.

Leo asubuhi nilipeleka barua hii kuelekea posta nikapitia ubaoni, nikasema niione FORECAST, pengine ni kwa mara ya mwisho. Dorca alikuwa ameiandika vizuri kuliko siku zote. Nilisimama hapo hadi watu wakaanza kunizunguka. Nilitazama R. Nilitazama T ilivyosimama wima. Kisha, moyo ukiwa umejaa, nikaingia katika mashua ya mteja kwenda kuijaribu injini, na barua mfukoni.

Sikusoma kilichoandikwa chini yake.

Chini yake palikuwa pameandikwa upepo mkali watarajiwa kutoka kusini kuanzia saa nne, mashua ndogo zisitoke. Wote walisoma. Hata Mzee Shitanda alibaki, akishona nyavu. Ufuo mzima ulikuwa nchi kavu isipokuwa mtetezi wa neno. Upepo ulipofika, injini, ambayo naomba usiandike nani aliitengeneza, ilikohoa ikanyamaza. Mawimbi yakanigeuza mara mbili. Hapo nilianza kuomba, na sikuomba kwa Kiingereza.

Aliyetoka kunifuata ni Bwana Obonyo mwenyewe, kwa mashua kubwa ya omena, akiwa na jaketi la kuokolea na hasira. Aliponirushia kamba alipiga kelele juu ya upepo, "Omera, hukusoma ubao?" Nikapiga kelele, "Nimesoma!" Akauliza, "Ulisoma nini?" Nikasema, "Forecast!" Akauliza, "Na chini?" Mhariri, kulikuwa na maji mengi mdomoni.

Tulipofika, Dorca alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, chaki imevunjikavunjika kiganjani. Hakunikumbatia. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni kuhakikisha nimekamilika, kisha akatembea hadi ubaoni, na mbele ya Mwenyekiti, mbele ya wajumbe na kina mama wote wa omena, akaifuta FORECAST kwa mkono wake wote, mpaka kwenye kiwiko. Akaandika kwa herufi kubwa kuliko zote alizowahi kuandika: FOCUS. Akaweka mkato. Akaongeza jina langu.

Bwana Obonyo alisoma mara mbili. Akasema, "Hapo sasa neno letu limepata kazi yake." Akacheka mpaka akashika ukuta. Akatangaza kwamba Jumamosi hakuna kikao, kwamba chaki ni ya nyar Awasi na asiulizwe tena na mtu, kwamba kuanzia kesho aandike maneno yote mawili, la hewa juu kwa ajili ya ziwa, na hilo jingine kando kwa ajili yangu. Ndipo Dorca akanikumbatia, nikiwa nimelowa vile vile, na akalia, na akanipiga begani, mambo yote matatu kwa pamoja.

Kwa hiyo nakuomba usichapishe barua hii, wala usiwaambie makanisa. Uandikaji sahihi wa neno, nimegundua, haumzuii mtu kuzama. Wenye ubao waandike wanavyotaka mradi mtu asome hadi chini.

Jambo moja tu la mwisho. Aliandika huku akigeuka kunitazama, na jina langu lilitoka FABAIN. Mzee Shitanda ameliona, na amekwisha kuja mara mbili na kitambaa kibichi akitaka kulisahihisha. Nimeketi hapa chini ya ubao, nguo zangu hazijakauka, ninalilinda. Asiliguse mtu. Limeandikwa sawasawa.